Dogo kapata two ya 19, mzee anataka PCB (fizikia, kemia, baiolojia), yeye anataka umeme. Tumsaidieje?

DadaMkubwa:
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu kamaliza form four, matokeo yametoka ana division two ya point 19. Fizikia B, Kiswahili B, hesabu C, kemia C, baiolojia C. Mzee akaona C ya baiolojia basi imeisha hiyo, mtoto daktari, kashaanza kumwita "dokta" mezani. Dogo ananyamaza tu anakula. Juzi nimefungua daftari lake la hesabu kurasa za nyuma nikakuta kachora waya za nyumba yetu nzima, kila swichi na taa yake, mpaka ile ya choo cha nje iliyokufa tangu mwaka juzi. Anataka diploma ya umeme. Mzee anasema diploma ni ya waliofeli. Nimwambieje bila kuonekana namvimbia?

mwalimu_wa_zamu:
Dada nafundisha A level, hii kesi naiona kila Julai. Mwambie mzee hivi: kwa kitabu cha TCU (tume ya vyuo vikuu) udaktari unaombwa ukiwa na D tatu za form six za fizikia, kemia na baiolojia, yaani point 6, ila hiyo ni sifa ya kuomba tu, kuchukuliwa ni habari nyingine maana wenye A na B nao wamepanga foleni hiyohiyo. Sasa C ya form four ukiipeleka A level bila moyo inashuka haraka sana, nimeona watoto wanalia darasani kwenye kemia ya organiki. Na hata akipita, ni miaka miwili ya A level, halafu mitano ya chuo, halafu intaniship mwaka. Mzee anajua hiyo hesabu? Kama lazima form five basi hata PCM (fizikia, kemia, hesabu), fizikia anaipenda. Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na chuo, TAMISEMI huwa wanaifungua tena baada ya matokeo mtu abadili kombi au achague chuo, msilale hapo.

kipepeo88:
Mwacheni mtoto asome PCB bana, umeme mafundi wamejaa mtaani

fundi_mita:
@kipepeo88 wamejaa wa kubadilisha holda mkuu 😂. Mwenye leseni ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) mtafute uone. Mtu anajenga, fundi wake kamaliza waya vizuri tu, akitaka kuunganishiwa TANESCO anaanza kuhangaika nani amgongee muhuri, hapo ndo tunapatikana sisi. Mimi nilipiga diploma Arusha Tech miaka mitatu na milango ya digrii haijafungwa, GPA ikiwa nzuri unaomba kama kawaida. Mkopo pia siku hizi bodi ya mikopo inatoa kwa baadhi ya diploma, sio zote, aangalie kozi yake kwanza.

Ila dada na dogo asidanganywe na mchoro wa daftari. Kabla hajaamua mtafutieni fundi anayejenga hapo jirani aende wiki mbili, bure. Atapewa tindo na nyundo akate ukuta wa kupitisha paipu kutwa nzima, vumbi puani, mikono imetoka malengelenge. Siku ya tatu akiamka mwenyewe kwenda, mzee ataona kwa macho hatahitaji kuhubiriwa.

mwalimu_wa_zamu:
Hapo kwenye wiki mbili nakubali asilimia mia. Na mzee mwenyewe ampeleke dogo akaongee na daktari wa hapo hospitali ya wilaya, ili iwe haki pande zote.

DadaMkubwa:
Asanteni sana jamani. Dogo kaanza site jumatatu, jana karudi kama katoka kiwanda cha saruji, kala sahani mbili kalala na viatu, leo kaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mzee nimemsomea ya fundi yote, kakaa kimyaa, halafu akauliza "na huyo fundi mwenyewe amejenga?"

fundi_mita:
😂😂 Mwambie nipo kwenye lenta mzee wangu, na waya naweka mwenyewe