Tupeane uzoefu: mashine za kiwandani zimekufunza nini?

Wadau wa viwanda vya Uganda, Namanve, Jinja, Tororo na kwingineko, habari za kazi. Huku kwetu bosi yuko radhi kuagiza mashine ya mabilioni, ila ukimwomba beringi ya akiba (kile kipande kinachobeba ekseli izunguke laini) anauliza, "Kwani iliyopo imekufa?" Tupeni visa vyenu. Majina ya kampuni tuyaache.

Fundi wa Njeru: Mota ya feni ya boila ilikuwa inaua beringi mfululizo. Wote wakalaumu spea feki (na kweli zimejaa). Nikafungua kifuniko nikakuta grisi imesukumwa hadi kwenye waya, tena ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Zamu ya mchana ina yake, ya usiku ina yake. Grisi ikizidi, beringi inaikoroga, joto linapanda. Ukichanganya zisizopatana, kama ya lithiamu na ya poliyurea, inaweza kulainika ikavuja. Siku hizi aina na gramu tumeziandika kwa rangi kwenye mota yenyewe.

Kaka Spana: Sisi adui yetu ni fezi, zile njia tatu za umeme zinazoendesha mota kubwa. Ikikatika moja, mota inaendelea kuzunguka huku inaungua. Inasukwa waya upya, inaungua tena, inasukwa tena. Rilei ya kulinda fezi, inayozima mota fezi moja ikikosekana, ni bei rahisi kuliko kuisuka mara moja, lakini nenda kamweleze mhasibu!

Dada wa Stoo: Mimi si fundi. Nilikuta spea zimeandikwa "beringi kubwa", "beringi ndogo". Nikafungua rejista, kila spea ikitoka naandika imekwenda mashine ipi. Mwisho wa mwaka ikaonekana kompresa moja kuukuu ndiyo inayomaliza bajeti. Mafundi walikuwa wamelalamika miaka, bosi hasikii. Alipoona hesabu, ikauzwa chuma chakavu. Hata ISO 55000, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mali, kinasisitiza mali iangaliwe maisha yake yote, tangu kununuliwa hadi kuondolewa.

Msagishaji: Mnakumbuka Aprili 2020, kisiwa cha magugu kilipoelea hadi Jinja kikaziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, nchi nzima giza? Sisi wa unga tulikuwa kazini. Genereta ya akiba tunayo, imefunikwa turubai safi kabisa. Betri imekufa! Sasa inawashwa kila wiki, na inabebeshwa mzigo, maana dizeli ikiunguruma bure masizi yanajaa.

Mwanzisha mada: Dada wa Stoo, rejista yako ni ya kompyuta?

Dada wa Stoo: Kaunta buku, kaka. Tarehe, mashine, spea, sababu, saa ilizolala. Hiyo ya "sababu" ndiyo mafundi wanaikwepa.