Naomba ushauri: nataka kujua kupika vizuri, na nile chakula chenye lishe

Mgeni_Dodoma: Habari zenu wakuu. Nimehamia Dodoma kikazi, nimepanga chumba, nina jiko la gesi, sufuria mbili na kikaango. Mchana nakula kwa mama ntilie, usiku chipsi mayai. Nimechoka, nataka nijipikie. Maharage nayaivishaje bila kumaliza gesi? Mboga za majani je? Na ugali, nichukue dona au sembe?

MamaWawili: Karibu jikoni mwanangu. Maharage yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 ndipo upunguze moto ufunike, kwa sababu yasipoiva vizuri yana sumu ya kukuvuruga tumbo. Nyanya usitie mapema! Ule uchachu wake unayafanya yakawie kulainika. Yakishakuwa laini ndipo uunge kwa kitunguu, nyanya na karoti. Chumvi tumia yenye madini joto.

Binti_wa_Sokoni: Kwenye mboga, osha kwanza ndipo ukate. Ukikata halafu ukaosha, vitamini C inaondoka na maji. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo ya alizeti, tia mchicha au matembele, geuza, dakika chache epua ikiwa bado kijani. Mafuta usiyaache kabisa, yanausaidia mwili kupata vitamini A iliyomo kwenye majani. Na magadi weka mbali, yanalainisha mboga lakini yanaharibu vitamini.

Mzee_Kitunguu: Nakubaliana na dada hapo juu, ila kisamvu usikipike hivyo. Kile kitwangwe na kichemshwe muda mrefu bila kufunikwa, kina sumu ya asili.
Kuhusu unga, mimi nasema dona. Kiini na pumba zimo humo, ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi. Lakini haikai sana, mafuta ya kiini huchacha, kwa hiyo nunua kidogo kidogo. Ukisikia harufu ya ukungu tupa, sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Karanga nazo hivyo hivyo. Na kwa kuwa uko Dodoma, muombe jirani Mgogo akufundishe mlenda!

Mgeni_Dodoma: Shikamoo mzee, shikamoo mama, asanteni sana. Maharage naloweka leo leo. Nyama siimudu kila siku, dagaa wanatosha?

MamaWawili: Marahaba. Wanatosha kabisa, unawala na mifupa yao, unapata protini na kalsiamu. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, wakauke, wakaange kidogo ndipo utie nyanya na pilipili hoho. Kamulia ndimu ukiwa mezani, kwenye maharage na mchicha pia, inasaidia madini ya chuma yaingie mwilini. Chai ya rangi usinywe na chakula, inayazuia. Subiri saa moja hivi.