Naomba ushauri: baba mpya anacheka swali la kulia

Assalamu alaykum ndugu zangu, hasa mlio kwenye kazi za afya ya jamii.

Huku Wete tunapowatembelea wazazi wapya tunatumia dodoso la Edinburgh la 1987, la kuchunguza dalili za sonona baada ya uzazi: maswali 10, kila moja alama 0 hadi 3, linauliza hali ya siku 7 zilizopita. Lilitungwa kwa akina mama. Kwa baba linakwama swali la 9, la kulia. "Mimi nilie?" anacheka, anatia 0, na la 10, la kujidhuru, linapita kwa kicheko hicho hicho. Kumbe halali usiku, anafoka kwa chai kupoa, au anakimbilia dago, kambi ya wavuvi, wiki mbili. Hasira dodoso haliulizi kabisa.

Na arubaini hii! Mke yuko kwao, baba yuko peke yake, ukimfuata unamkuta barazani na wenzake, kahawa mkononi. Hapo utamuuliza nini?

Tumeshusha kiwango cha kumfuatilia kutoka alama 13 hadi 10, wachache wameongezeka. Kumsomea maswali kwa sauti kumeharibu zaidi, bora ajaze karatasi mwenyewe. La 10 likipata alama yoyote anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo, hilo halina mjadala.

Naomba kujua: swali la 9 mnalitamkaje kwa mwanamme bila kubadili maana yake? Na mnamwona wapi faraghani, siku ya chanjo ya mtoto au kwengine?