Njia mpya juu ya vilima vya Shela: mnakanyaga maji tunayokunywa

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wasio Waislamu hamjambo. Leo nina hasira na sitaificha.

Jumamosi tulitoka kijiji cha Shela, hapa kisiwani Lamu, alfajiri, watu 14, kwa miguu kuelekea kijiji cha Kipungani. Nilidhani tutafuata ufuo kama siku zote. Wenzetu wakakata kulia, wakapanda vilimani, simu mikononi, wakifuata njia ambayo mmoja wetu aliichora na kuisambaza kwenye programu ya ramani mwezi uliopita.

Njia yenyewe sasa ni pana, punda wawili wenye mizigo wanapishana. Ile mimea inayotambaa, yenye maua ya zambarau, imeng'olewa, mizizi iko juu. Na kwenye bonde kati ya vilima viwili, hatua chache tu kutoka kisimani, nikakuta karatasi za chooni na kinyesi. Kisimani! Mchanga hauzuii kila kitu, kinachomwagwa juu kinazama. Maji ya visima vile ndiyo yanayosukumwa hadi mjini Lamu. Bibi yangu anayapikia chai.

Nilipolalamika nilijibiwa kwa adabu sana, sikatai. Kaka mmoja ninayemheshimu akasema, "Ndugu yangu, mchanga hujifuta wenyewe. Kusi ikivuma hutaona alama." Nyayo zitafutika, kweli. Mmea uliong'oka je? Mizizi ile ndiyo inayoushika mchanga, na ikishaondoka, kusi hiyo hiyo itakibeba kilima.

Na vilima hivyo ndivyo ghala letu la maji, maana kisiwa chetu hakina mto. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na maji matamu hukaa chini yameelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu yake inatisha: kwa kawaida kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini ya usawa huo. Ukipunguza kidogo juu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Na chumvi ikishaingia kisimani, kuitoa ni kazi ya miaka.

Dada mwingine alisema vijana wanaoongoza wageni wanapata riziki kwa njia hiyo. Hapo namuelewa, wadogo zangu nao wanakula kwa kazi hiyo. Lakini ufuo una kilomita kama 12! Maji yakipwa mchanga wake ni mgumu, mguu hauzami, na upepo unakupuliza. Mgeni atamlipa kijana vilevile bila kupandishwa juu ya visima.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Siku tano tumejadiliana: samahani kaka, nakuelewa dada, tusivunje undugu. Nami nimelelewa hivyo, simtukani mtu. Ila ramani bado ipo, na jana tena watu sita wamepita kule kule.

Aliyeiweka aiondoe leo. Walioacha uchafu waje na koleo, nitawapeleka mpaka mahali penyewe na tutafukua pamoja, tukazike mbali. Safari ijayo natangulia mimi, kwa njia ya ufuoni, tukitoka maji yanapoanza kupwa. Atakayekata kulia asitarajie kunikuta namngoja Kipungani.