Mjadala: Makumbusho ya Dar es Salaam yafunguliwe usiku kwa ajili ya wageni wa kikazi?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyotangulia inasema kwamba mtumishi wa mkoani aliyeitwa Dar es Salaam kikazi hana shughuli nyingine mjini baada ya kikao: ale, alale, na kwa kuwa tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kwa muda usiozidi saa nne, apande arudi kwake mara kikao kinapomalizika. Siafiki. Treni hiyo inamfaa wa Dodoma na Morogoro, lakini haimsaidii aliyetoka Songea au Bukoba, ambaye kikao kikiahirishwa saa kumi na moja hadi kesho yake, hubaki peke yake katika jiji asilo na ndugu wala mwenyeji.

Pa kwenda papo. Akishuka kwenye mwendokasi pale Kivukoni, anaweza kuvuka kwa pantoni hadi Kigamboni na kurudi kwa nauli ndogo sana, akiwa amesimama katikati ya watu wanaotoka kazini, bodaboda, baiskeli na mizigo ya sokoni, na hakuna atakayemuuliza amefuatana na nani. Coco Beach atapata mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, na mishkaki ikitoka jikoni. Kwa mwanamume hayo yanatosha. Kwa mwanamke mambo ni mengine, na wanaosema atembee tu, jiji ni salama, nadhani hawajawauliza dada zao: akikaa peke yake mezani giza likishaingia, hachelewi kuletewa kinywaji ambacho hakukiagiza, kimelipiwa na mtu asiyemjua. Wengi huamua kula chakula chao chumbani.

Ndiyo sababu natetea makumbusho kufunguliwa usiku. Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yanahifadhi hazina kubwa, likiwamo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Lakini milango hufungwa jioni, wakati mgeni wa kikazi ndiyo kwanza anatafuta usafiri wa kutoka ukumbini. Ndani ya makumbusho mtu hutembea peke yake bila kushangaza mtu, kwa kuwa kila mmoja ana lake la kutazama, na mlinzi yupo mlangoni.

Wapo wanaodai kwamba huo utakuwa upendeleo kwa wenye posho. Sioni hivyo, kwani wakazi wa jiji nao hutoka kazini saa hizo hizo, na anayeijua foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi saa kumi na mbili jioni atakubali kwamba saa mbili za kutazama historia ya nchi si hasara kuliko kuzimalizia ndani ya gari.

Hoja ya gharama ndiyo yenye uzito, maana walinzi, umeme na malipo ya ziada ya watumishi havitoki hewani. Hata hivyo sipendekezi kila siku. Napendekeza Jumatano pekee, hadi saa tatu usiku, kwa miezi sita ya majaribio, na kiingilio cha jioni kiwe juu kidogo kuliko cha mchana. Wanaopinga waeleze ni kipi kati ya hivyo kisichowezekana.