Mrejesho: Kipanya kisichotumia waya kilichokuwa kikikwamakwama

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini kipanya changu kisichotumia waya huanza kurukaruka kila ninapohamishia mafaili kwenye diski ya nje, ilhali betri ni mpya na nikiichomoa diski hali inarudi kuwa ya kawaida papo hapo. Aliyeishuku diski ndiye aliyepatia: vifaa vya USB 3.0 (aina ya muunganisho wa kasi kati ya kompyuta na vifaa kama diski za nje) vinapofanya kazi hutoa mawimbi yanayovuruga masafa ya 2.4 GHz, ambayo hutumiwa na vipanya vingi vya aina hii, na kampuni ya Intel ililieleza jambo hilo kwa kina tangu mwaka 2012. Kipokezi cha kipanya changu, kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba kinachopokea mawimbi ya kipanya, kilikuwa kimechomekwa kwenye tundu lililopakana na la diski. Nimekihamishia upande wa pili wa kompyuta kwa waya mfupi wa kurefushia, na sasa mshale unateleza bila kusita hata mafaili makubwa yanapohamishwa. Ushauri wa kusakinisha upya mfumo mzima, ambao baadhi yenu mliusisitiza, sikuufuata, na nafurahi kwamba sikuufuata. Kinachoniudhi bado ni kwamba kijitabu cha maelekezo ya kipanya hakigusii suala hili hata kwa sentensi moja.