Wiki ya Mazingira vyuoni: mche unapandwa Juni 5, Agosti ni kijiti. Mnamdanganya nani?

Wakuu salaam. Naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa usafi wa hosteli, hili ni jambo lingine.

Kila mwaka ikifika Siku ya Mazingira Duniani ni yale yale. Bango getini, spika, fulana za kijani, mgeni rasmi anakabidhiwa beleshi ambalo bado lina stika ya dukani, anatupia udongo mara tatu huku anaangalia kamera, makofi. Jioni mitandaoni: "Chuo chapanda miti 300". Sasa nendeni eneo lile lile Agosti mkahesabu. Majina ya vyuo naweka kapuni kwa sababu ugonjwa ni mmoja, uwe Dar, uwe Dodoma.

Tuanze na kalenda maana uhuni unaanzia hapo. Juni 5 ni kumbukumbu ya siku ulipofunguliwa mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa kule Stockholm mwaka 1972. Hakuna aliyeangalia mvua za Tanzania akaichagua. Dar masika yanaanza Machi, mwisho wa Mei yanakata, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Dodoma ni balaa zaidi: msimu ni mmoja, Desemba mpaka Aprili, basi. Ukipanda Juni Dodoma unaupeleka mche kwenye karibu miezi sita bila tone, na upepo wa Julai na Agosti juu yake. Mche wa kiriba, yaani uliokuzwa kwenye kile kimfuko cheusi cha nailoni, una mizizi ya kama sm 15. Unyevu umeshashuka chini ya hapo, na mche haujapata muda wa kuufuata. Wenzetu Kenya walipotangaza siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande miti mwaka 2023, waliiweka Novemba 13, mvua ikiwa inanyesha. Kwani wao Juni 5 hawaijui?

"Tutamwagilia." Haya, tupige hesabu. Miche 300, lita 10 kila mmoja, mara mbili kwa wiki: lita 6,000 kwa wiki. Kutoka Juni hadi vuli ya Dar ni kama wiki 20, kwa hiyo lita 120,000, yaani maboza 12 ya lita 10,000. Kwenye bajeti za matukio haya mstari huo haupo. Fulana zipo. Fulana 300 kwa sh 12,000 ni milioni 3 na laki 6. Kibarua wa kumwagilia siku mbili kwa wiki kwa wiki hizo 20, ukimlipa 15,000 kwa siku, ni laki 6. Laki sita! Fulana 50 tu zikipungua umempata, na za mgeni rasmi na msafara wake hujazigusa.

Tuje kwenye upandaji wenyewe, hapo ndipo nachoka kabisa.

Ardhi kubwa ya vyuo vyetu ni kifusi cha ujenzi kilichosawazishwa na greda. Kwa mti wa kivuli shimo liwe sm 60 kwa 60 kwa 60, lichimbwe wiki mbili kabla. Udongo wa juu unawekwa kando yake, wa chini kando yake. Ule wa juu unachanganywa na debe moja la samadi iliyooza na ndio unaotangulia kurudi shimoni. Kinachofanyika: vibarua wanachimba jana yake jioni, kina hakifiki hata goti, samadi inashushwa asubuhi ikiwa mbichi bado inafuka mvuke. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa. Mche ukifa wiki ya tatu wanasema "udongo wa hapa mbaya".

Halafu kiriba. Nimeshaona picha za vyuo kadhaa, tena zimewekwa kwa majigambo, mtu na suti yake anadidimiza mche na nailoni yake nyeusi. Kiriba hakiozi! Mizizi inagonga ukuta, inaanza kuzunguka humo humo. Mti unaweza kusimama mwaka mmoja au miwili ukidanganya watu, siku upepo ukivuma unalala, ukiutazama chini mizizi imejisokota duara kamili la kiriba. Yaani mnafanya sherehe ya kupinga plastiki huku mnazika plastiki.

Na wapo wanaokosea upande wa pili. Wanakivuta kiriba mche ukiwa bado mkononi, udongo wote unamwagika, mizizi inabaki uchi juani wakati hotuba inaendelea. Njia ni hii: mwagilia miche usiku wa kuamkia siku yenyewe ili udongo ushikane. Kata kitako cha kiriba kwa wembe, kama sm 1, kiondoke na mizizi iliyojikunja chini. Uingize shimoni. Ukishakaa sawa ndipo uchane ubavu na kutoa nailoni taratibu. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi, isifukiwe. Shindilia kwa kisigino, zungushia kisahani cha udongo cha kushika maji, tandaza majani makavu unene wa sm 5 hadi 10, yasiguse shina. Mwisho wa zoezi kusanya viriba uvihesabu. Ulipeleka miche 300, umekusanya viriba 180? Basi 120 viko ardhini, na mnajua pa kuanzia kufukua kesho yake.

Aina za miti nazo, nisemeje. Fikasi yenye mizizi ya kupasua kuta inapandwa mita mbili kutoka kwenye chemba ya maji taka, mkaratusi unaokunywa maji mengi ubavuni mwa kisima, mwarobaini chini ya nyaya za umeme ili watu wa umeme waje kuukata kichwa kila mwaka.

Upande wa usafi kidogo. Watu 400 wanaitwa kuokota taka ufukweni au mtaa wa jirani na chuo, kila mmoja anapewa chupa mbili za maji za nusu lita. Chupa 800 mpya zimeingia eneo kabla ya moja kuokotwa. Jaba la lita 100 lenye bomba, manne yanatosha kabisa, na kila mtu aambiwe aje na chupa yake. Kisha mapipa ya rangi tatu, yenye maandishi ya Kiingereza, yanajazwa vizuri, jioni inakuja kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, inamwaga yote pamoja. Ukishachanganya karatasi na mabaki ya wali wa nazi, hiyo karatasi hakuna anayeinunua. Waokota makopo wanaopita hapo kila alfajiri wanachambua vizuri kuliko kamati nzima: chupa huku, vifuniko kule, kwa sababu wanajua ni plastiki mbili tofauti. Tumbukiza kwenye maji uone, kifuniko kinaelea, kipande cha chupa kinazama. Hao ndio wangepewa meza na kipaza sauti.

Bango nalo linachapwa na tarehe ya mwaka huu, kwa hiyo mwakani ni takataka. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 1, 2019, bango la plastiki la mita sita halimuumi mtu.

Na wakati hotuba ya nishati safi inasomwa, nyuma ya bwalo moshi wa kuni unapaa. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Mgeni rasmi angepitishwa jikoni kwanza.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa mtu wa chuo, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, akina mama wakawa wanalipwa ujira mdogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, sio uliopandwa. Hiyo ndiyo hesabu tunayoitaka kwenye taarifa zenu: Desemba imesimama mingapi, na nani alikuwa na jukumu la kumwagilia. Mkishindwa kutuambia hivyo, acheni kutuchangisha elfu tano tano za "mfuko wa mazingira".

---

Mwenye Kiti wa Zamani:
Mkuu umeongea kwa hasira ila unaonea kamati. Tarehe haichagui kamati, anachagua mfadhili. Mfadhili anataka Juni 5 kwa sababu na yeye ana taarifa yake ya kupeleka kwa wakubwa zake, na hela anazitoa kwa vitu vyenye nembo yake: fulana, kofia, bango. Ukimwambia boza la maji anakuuliza nembo itakaa wapi.

Mzee wa Kitalu:
Vijana, Juni 5 haina ubaya, kazi mnayoifanya siku hiyo ndiyo yenye ubaya. Juni ni mwezi wa kitalu. Jazeni viriba siku hiyo, na mgeni rasmi ajaze chake, picha atapata tu. Udongo wa juu sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu mbili, mchanga sehemu moja, uchekechwe. Viriba vya inchi 4 kwa 6. Mbegu ngumu kama za mjohoro mwagieni maji yaliyochemka, ziacheni humo zipoe mpaka kesho yake ndipo msie, msipofanya hivyo nyingi hazioti. Mwarobaini msinunue mbegu ya kukaa dukani, uhai wake ni wa wiki chache. Kivuli cha makuti wiki za mwanzo. Viriba viinuliwe mara kwa mara ili mizizi isipenye chini ikashika ardhi. Mwezi wa mwisho mnapunguza maji na kivuli mche uzoee jua. Novemba Dar, Desemba Dodoma, mche una miezi mitano au sita, umefika gotini, mvua hiyo inakuja. Miche 300 kitaluni inakaa kwenye tuta moja la mita 1 kwa 4 na nafasi inabaki, mtu mmoja na keni ya kumwagilia anaimaliza kabla ya kipindi cha saa mbili asubuhi. Hayo maboza 12 hamyahitaji.

Mwanzisha uzi:
Mzee wangu shikamoo, hapo umemaliza. Mwenye Kiti, umesikia? Nembo ya mfadhili ikae kwenye kibao cha kitalu, itasomwa miezi sita badala ya siku moja. Na mkataba useme nusu ya hela inatoka Juni, nusu inatoka ikishahesabiwa miche iliyosimama. Akikataa, basi alikuwa anatafuta picha, mpelekeni studio.

Fyekeo:
Mmesahau muuaji mkuu wa chuoni. Mche ukivuka kiangazi unauawa na mashine ya kufyekea nyasi, ile ya uzi. Uzi unazunguka shina unachuna ganda pande zote, majani yanabaki mabichi wiki kadhaa halafu mti unakauka ukiwa umesimama, watu wanasema ugonjwa. Nyasi za kuzunguka mche zing'olewe kwa mkono, nusu mita kila upande. Kisha chukua dumu la lita 5 la mafuta ya kula, yale ya njano, kata juu na chini, lipasue ubavu, livishe shina, chomeka sm 3 ardhini. Bwalo linatupa madumu hayo kila wiki. Mwenye mashine akiona njano anapita mbali, na baada ya miaka miwili mnayatoa shina lisije likabanwa.